Draiva Sahihi kwa Somo la Suruali

Kila siku, baada ya chakula cha mchana, Fundi Mkasi alisogeza cherehani yake karibu na dirisha na kuanza kufundisha. Mkasi lilikuwa jina la utani. Alikuwa fundi wa suruali, na alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Wanafunzi wake walikuwa vijana viziwi wa chuo cha ushonaji kilicho mbali. Yeye alieleza kwa lugha ya alama. Mkewe, Mama Pacha, alimrekodi. Kisha mama huyo alikaa kwenye kompyuta, akahariri video na kuituma chuoni.

Kazi ilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Halafu kompyuta ikaanza vituko.

Picha zilikwama. Mikono ya Fundi Mkasi ilikuwa juu, mara ikawa chini, na katikati hakukuonekana kitu. Wakati mwingine kioo chote kilikuwa cheusi, kisha picha ikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama Pacha alikunja uso, akaendelea hivyo hivyo.

Mchana mmoja mwalimu wa chuo akapiga simu.

"Mama Pacha, mliwaambia vijana wakate kitambaa cha mfuko?"

"La! Tuliwaambia wasikate. Washone kwanza."

"Video inasema wakate. Binti mmoja ameharibu kitambaa cha suruali ya baba yake. Analia hapa."

Mama Pacha aliifungua ile video. Katika lugha ya mumewe, alama ya kukataza huja mwisho. Fundi Mkasi alionyesha kukata, kisha ndipo akakataza. Lakini picha iliporuka kwenye kioo, Mama Pacha alidhani amemaliza. Akaikata video pale pale, kabla ya alama ya kukataza.

Alimweleza mumewe kwa mikono. Fundi Mkasi aliketi. Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi.

"Nimewafundisha kuharibu," alisema kwa alama.

"Si wewe. Ni mimi."

"Kesho asubuhi wana darasa tena. Turekebishe leo."

Mama Pacha alirudi kwenye kompyuta. Ikakwama. Aliinuka, akanywa maji, akarudi. Bado ilikuwa imekwama.

Wifi yake, dada wa Fundi Mkasi, akaingia akitoka kazini. Alikuwa muuguzi, na aliishi nao.

"Wifi, mbona unahema kama umekimbizwa?"

"Kompyuta hii itaniua. Nadhani kadi ya picha imekufa."

"Imekufa wapi? Gemu langu la magari linakimbia vizuri. Tena nilipoweka ile draiva mpya, ndiyo kabisa!"

Mama Pacha akageuka taratibu. "Draiva gani?"

"Gemu liliiomba. Nikaiweka."

"Bila kuniambia?"

"Ah, wifi! Ni draiva tu. Sikuuza kompyuta."

Mama Pacha hakucheka. Aliingia mtandaoni kutafuta dawa. Tangazo jekundu likaanza kumwakia: *Kompyuta yako inaumwa! Bonyeza hapa ipone sasa hivi!* Kidole chake kilikuwa tayari kubonyeza.

"Acha!" wifi akamshika mkono. "Huyo daktari ameipima lini? Ngoja nimwite jirani."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa fundi wa kompyuta. Watu walimwita Polepole, kwa jinsi alivyotembea na kusema.

"Hodi."

"Karibu, karibu, pita upesi!"

Polepole alivua viatu, akasalimia mmoja mmoja, kisha akaketi. Mama Pacha alitamani kumsukuma.

"Umehifadhi kazi yako mahali pengine?"

"Shida si hiyo, jirani, shida ni..."

"Hifadhi kwanza."

Mama Pacha akahifadhi kwenye diski ya nje. Ndipo Polepole akaanza kueleza.

"Draiva ni programu. Ni mkalimani kati ya kompyuta na kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachotoa picha kwenye kioo."

"Kama ninavyomkalimania mume wangu tukienda hospitali?"

"Ndivyo. Sasa mkalimani akiruka neno?"

Mama Pacha alimtazama mumewe.

"Kadi yako inaonekana nzima," Polepole aliendelea. "Lakini ina draiva za aina mbili. Moja hutolewa haraka, gemu jipya linapotoka. Nyingine hutolewa baada ya kujaribiwa sana na programu za kuhariri video. Hiyo ndiyo inayofaa kazi yako."

"Na gemu langu?" wifi akauliza.

"Litacheza. Gemu jipya kabisa huenda likanuna kidogo."

"Acha linune."

Polepole alifungua orodha ya vifaa vya kompyuta, akasoma jina kamili la kadi. "Usikisie. Namba moja ikibadilika, hiyo ni kadi nyingine." Akaangalia toleo la mfumo wa kompyuta. Akaangalia pia programu ya kuhariri inakubali draiva gani. Kisha akaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi mwenyewe.

"Tuchukue ile mpya kuliko zote," Mama Pacha akahimiza.

"Hapana. Chukua ile ya kazi ambayo programu yako inaikubali."

Polepole aliweka kituo cha kurejea, ili wakikosea waweze kurudi nyuma. Akachagua draiva ya zamani iondolewe yote, mpya iwekwe. Ghafla kioo kikawa cheusi. Mama Pacha akambana wifi yake mkono.

"Inajibadilisha," alisema Polepole. "Msiguse kitu."

Picha ikarudi. Akaizima kompyuta na kuiwasha. Mwisho, ndani ya programu ya kuhariri, akairuhusu itumie kadi ya picha.

"Siku nyingine ukiambiwa kuna draiva mpya, maliza kazi iliyo mkononi kwanza. Ukiiweka ikaleta matata, rudisha ya zamani."

Mama Pacha akachezesha video ya awali, ile ambayo haikukatwa. Mikono ya mumewe ilipanda, ikakata hewani, ikageuka, ikakataza. Hakuna kilichopotea. Fundi Mkasi aliinama karibu na kioo.

"Rudia," alisema kwa alama. Wakarudia.

Kabla ya giza video ilikuwa imehaririwa upya na kutumwa. Fundi Mkasi alikata kitambaa kipya, akakifunga vizuri. Wifi akakipeleka kituo cha mabasi, kiende kwa yule binti. "Walau hilo nilifanye mimi," alisema.

Asubuhi mwalimu alituma video fupi kutoka darasani. Vijana walikuwa wamezunguka kioo, kila mmoja na mkasi wake. Fundi Mkasi wa kwenye kioo alionyesha kukata. Mikasi ikainuka. Kisha akakataza. Mikono yote darasani ikaiga alama ile, na mikasi ikawekwa mezani, mmoja baada ya mwingine.