Aliyeitika Pangoni

Mtumbwi ulilemewa mara tu walipougeuza kurudi nyumbani. Kongkeo, aliyekaa mbele na taa kichwani, aliona maji yamebakiza vidole viwili tu kufika ukingoni, akamtania mume wa dada yake aliyeshika injini nyuma.

"Shemeji, leo umekula chungu kizima cha wali wa kunata?"

Khamsouk aliongeza mwendo wa injini. Alikuwa amepakata wavu mdogo wa kuchotea samaki, ameufunika kwa blauzi ya binti yake.

Watu wa kijiji cha Konglor, huku Laos, tumezaliwa tukipita pango lile, mto mzima chini ya mlima, adhuhuri na usiku wa manane humo ni kitu kimoja. Siku sita nyuma Phetsamone, binti wa Khamsouk mwenye miaka minane na kithembe, aliteleza kwenye fungu la mchanga la katikati, pale abiria wanaposhuka ili mtumbwi uburutwe. Alitolewa majini mzima, lakini tangu hapo hakula wala kusema. Mganga wetu, mzee Bounthan, alisema roho yake imebaki pale iliposhtuka, baba aende akaichote kwa wavu huku akiita jina. Akamwonya: roho ya mtu haiitiki. Huja kimya, na mama ndiye huiitikia, akiwa juu ya ngazi ya nyumba. Ukiitikiwa mle pangoni, mwaga wavu, uondoke.

Khamsouk alichota mara tatu. Mara ya tatu, Kongkeo akiwa mbali anaburuta mtumbwi, Khamsouk alisikia sikioni, kwa kithembe kile kile cha mwanawe, "Nipo, baba." Baba gani angemwaga? Mimi nisingemwaga, na wewe usijisifu.

Sasa injini ilikuwa inakoroma kwa shida, na harufu ya matope ya zamani ilikuwa imepanda juu ya harufu ya popo waliyoizoea, na Khamsouk, ambaye nyuma yake palikuwa na maji matupu, alihisi kiganja kidogo chenye unyevu kikimshika mgongoni, kikatulia hapo, kikaendelea kutulia hapo hadi mwanga wa mlango wa pango ulipoonekana.

Kongkeo aligeuka, akageuka tena mbele upesi. "Shemeji, nani huyo nyuma yako?"

"Tazama mbele."

Nyumbani Khamsouk aliuliza, kama ilivyo desturi, Phetsamone amekuja? Mkewe Sengdao akaitikia kutoka juu ya ngazi, amekuja. Mganga alikuwa ameshika nyuzi nyeupe za kumfunga mtoto mikononi, roho isitoke tena. Kwanza akauliza kama kuna kilichoitika pangoni.

"Kimya kabisa, mzee," alisema Khamsouk.

Nyuzi zikafungwa. Mtoto akaketi, akaomba samaki. Sengdao alilia kwa furaha, akafurahi zaidi kusikia kithembe kimekwisha.

Kesho yake Khamsouk alivusha magunia ya tumbaku. Kwenye fungu lile la mchanga palikuwa na nyayo ndogo, na kutoka gizani mtoto akalia kwa kithembe, "Baba, mbona umenipita?"

Alimwendea mganga, akaanguka miguuni pake, akakiri yote. Mzee alimwinua, akamketisha.

"Nikikata nyuzi, ulichokileta kitatoka, na mwili utakufa. Utazika."

"Na yule wa pangoni?"

"Hana tena pa kurudi, mwanangu."

Huu ni mwaka wa tatu. Khamsouk hajamwambia mkewe. Kila siku huacha tonge la wali kwenye fungu la mchanga, kisha huungurumisha injini kwa nguvu, abiria wasisikie kinacholia nyuma, wala yeye anavyolia. Akifika nyumbani, binti humpokea kasia kwa adabu, humletea maji ya kunywa, huketi karibu naye. Husubiri mama aingie jikoni. Ndipo huuliza, kwa sauti ya chini:

"Baba, leo amekuuliza nini?"