Maji ya Mwalimu Otto

Kila asubuhi pale misheni, kengele ilikuwa haijamaliza kulia Otto yuko nje tayari. Wenzake wa shule ya walimu bado wanakunja mikeka, yeye keshafagia uwanja, keshateka maji, keshaanza kumsumbua mpishi habari za uji. Si kwamba alikuwa na bidii kuliko wote. Alikuwa hawezi kutulia, basi. Hata darasani miguu yake ilicheza chini ya benchi mpaka Mwalimu Athanasi akamwuliza kama anasoma au yuko ngomani.

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa balaa zaidi, maana walishatangaziwa kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho watapelekwa vijijini kufundisha kwa majaribio. Msimu mzima, peke yao. Otto alipangiwa Maposeni, tena darasa la wakubwa, wale vijana waliokwisha kujua kusoma na kuandika na sasa wanataka hesabu ngumu na elimu ya afya. Usiku hakulala vizuri kwa furaha. Alijiona kabisa amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, watu wanamwita mwalimu.

Lakini sharti lilikuwepo. Kabla ya kukabidhiwa darasa, kila mmoja alitakiwa afundishe somo moja kijijini kwake, Mwalimu Athanasi na padre msimamizi wakiwa wamekaa nyuma wanatazama. Ukifaulu, shule ni yako. Ukishindwa, unarudi misheni kufyatua matofali mpaka mwaka unaofuata. Otto alishafyatua matofali kiangazi kizima, na mgongo wake ulikuwa haujasahau.

Akachagua somo la maji. Maposeni watu walichota kwenye kijito kilekile walichonyweshea mbuzi, na watoto waliumwa matumbo kila mvua zikianza. Otto akatafuta kibuyu kikubwa, akakata kitako, akaziba mdomo wake kwa kitambaa, kisha akakigeuza na kupanga ndani mkaa uliotwangwa, juu yake mchanga, juu kabisa kokoto. Polikarp, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alimsaidia kuosha mchanga huku akilalamika kwamba yeye somo lake ni kuzidisha, halina matope.

Jioni wakajaribu mbele ya wenzao. Maji ya tope yaliingia juu, yakatoka chini meupe. Wenzao wakapiga makofi. Otto akainama kama mchezaji aliyeshinda.

"Sasa chemsha," Polikarp akasema.

"Nani atakaa kutazama sufuria ichemke? Hapo ndipo wanafunzi watasinzia."

Mwalimu Athanasi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, hapendi maneno mengi. "Otto," akasema, "kuchemsha ndilo somo lenyewe. Kibuyu kinayasafisha kwa macho tu."

Otto akaitikia ndiyo mwalimu, haraka haraka, kama mtu anayetaka mvua imalizike.

Akatangulia Maposeni siku chache kabla ya mtihani ili azoeane na darasa, kibuyu kichwani, anaimba njia nzima. Wanafunzi aliwakuta wengi, wamekaa kwenye magogo, na mwanzo ulikuwa mgumu. Alieleza habari za kijito, wakamtazama tu. Alieleza habari za matumbo, mmoja akapiga miayo. Mbele kabisa aliketi msichana mmoja, Kunegunda, mdomo mwepesi, akamwuliza kama walimu wote wa misheni wanaongea kwa kukimbia namna hii. Darasa likacheka. Otto naye akacheka, lakini moyoni ikamchoma.

Akakileta kibuyu mbele. Akashusha sauti. Akasema anachotaka kuwaonyesha si kila mtu anakijua. Akamwaga tope, wakasogea. Tone la kwanza lilipotoka jeupe, darasa zima lilikuwa limesimama, shingo zimerefuka, na hapo ulimi wa Otto ukateleza wenyewe.

"Mkinywa maji haya," akasema, "hakuna kitu kibaya kitakachowaingia mwilini."

"Hata kidogo?" Kunegunda akauliza.

"Hata kidogo."

Akawapa kila mmoja funda moja, hivyo hivyo, bila kuchemsha. Yaliyobaki akawanyunyizia vichwani kwa mzaha, wakapiga kelele na kukimbizana mpaka nje. Otto alirudi kwenye kibanda alichopewa anaruka ruka. Somo gani limewahi kupendwa vile?

Kesho yake hakuja hata mmoja.

Alingoja mpaka jua likapanda. Akafikiri labda kuna msiba, lakini kijiji kilikuwa kinafanya kazi zake, moshi unafuka, watu wanapukuchua mahindi. Akina mama aliokutana nao njiani walijibu salamu yake bila kusimama. Mwisho akaenda nyumbani kwa Kunegunda, maana ndipo alipopajua.

Alimkuta bibi yake, Bibi Theodosia, amekaa mkekani na ungo wake. Kunegunda alikuwa mlangoni, amembeba mdogo wake mgongoni, anatazama chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mgawa maji?"

Otto akaanza kueleza, kibuyu, mchanga, mkaa. Bibi akamwacha aishiwe pumzi, huku mikono yake inaendelea na mahindi. Kisha akamwuliza alikuwa wapi wakati wa vita. Otto akasema alikuwa mdogo, mama yake alikimbia naye kule ziwani, wakarudi mambo yalipotulia. Habari zenyewe alizisikia tu kwa watu.

"Umesikia tu," bibi akasema. "Mimi nilikuwa hapa. Mume wangu alinyweshwa maji, na wanangu wawili. Wakanyunyiziwa kichwani, hivyo hivyo ulivyowafanyia hawa. Wakaambiwa risasi za Wadachi hazitawaingia. Waliondoka wanacheka, baba."

Akapepeta ungo kidogo.

"Walionusurika na risasi walinyongwa kule bomani. Sisi tuliobaki tukachimba mizizi tukala, maana maghala yalichomwa. Sasa jana mtoto huyu anaingia ndani anasema, bibi, tumepewa maji, hakuna kitu kitakachotuingia. Mimi nifanye nini? Nipige vigelegele?"

Bibi hakuwa amemaliza. Akasema neno hilo likifika bomani, kwamba Maposeni kuna mtu anawagawia vijana maji, askari hawatauliza habari za mchanga na mkaa. Watakuja na viberiti. Ndiyo maana wazazi wamewafungia watoto, na kuna waliosema asubuhi kwamba huyo kijana aondoke kabla jua halijazama.

Otto angeweza kusema watoto hawakumwelewa. Maneno hayo yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akamtazama Kunegunda pale mlangoni, na Kunegunda safari hii alikuwa ameinua macho, anangoja kuona kama mwalimu wake atamgeuza yeye kuwa mwongo.

"Hakusema vibaya," Otto akasema. "Nilisema hivyo. Na si kweli, bibi. Nilitaka wanipende."

Bibi Theodosia akaacha mahindi kwa mara ya kwanza.

"Haya, nimesikia. Sasa kawaambie na wengine. Mimi magoti haya siwezi kukuzungushia kijiji."

Otto alizunguka mchana ule wote. Nyumba moja walimfungia mlango. Nyingine walimsikiliza wakiwa wamesimama, hawakumpa hata kigoda. Mzee mmoja mwenye kovu la risasi begani alimfanya arudie mara mbili, kisha akasema maneno ya mdomo ameshayasikia mengi, yeye anataka kukiona hicho kibuyu ndani mna nini. Wengine wakaunga mkono. Wakakubaliana kwamba kesho yake watoto hawatakuja peke yao, watakuja na wazazi wao, na wasiporidhika, kijana ataondoka siku hiyohiyo.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani. Mwalimu Athanasi na padre walipofika, walikuta watu mpaka madirishani. Nyuma hapakuwa na nafasi, ikabidi wabanane na akina mama wenye watoto mgongoni. Otto aliwaona, akashika chaki. Angeweza kuanza na ubao tu. Wageni hawajui lolote, na wazazi wasingepayuka mbele ya padre. Lakini Bibi Theodosia alikuwa amekaa mbele, kwenye gogo la wanafunzi, miguu ameinyoosha.

"Kabla ya somo," Otto akaanza. "Juzi niliwaambia wanafunzi hawa uongo. Niliwaambia maji haya yanazuia kila kibaya. Hayazuii kitu. Hayana dawa. Niliwapa wakanywa mabichi, na nilikuwa nimeshafundishwa kwamba lazima yachemshwe."

Padre akamgeukia Mwalimu Athanasi. Mwalimu Athanasi hakugeuka.

Otto akakibomoa kibuyu mbele yao wote. Akamwaga kokoto, akamwaga mchanga, akamwaga mkaa, akamwita yule mzee mwenye kovu aje achambue kwa mkono wake. Mzee akachambua, akanusa, akaonja hata mkaa. Akasema ni mkaa. Kisha Otto akawaita wanafunzi wakipange upya wenyewe, akawaambia hiki kinaondoa tope, lakini uchafu usioonekana unapita, na huo unakufa kwenye moto tu.

Wakatoka nje wote, wakainjika chungu kwenye mafiga. Na kweli, kilichelewa kuchemka. Lakini hakuna aliyesinzia. Akina baba walianza kubishana kuni hizo zote atakata nani. Akina mama wakawajibu, tena kwa maneno ya kuchoma, kicheko kikazuka. Otto akaliingiza hilo kwenye hesabu: mzigo mmoja wa kuni unachemsha vyungu vingapi? Kunegunda akatoa jibu kabla hajamaliza kuuliza, akakosolewa na kijana wa nyuma yake, wakakokotoa pamoja ardhini kwa kijiti, na wazazi wao wanachungulia. Otto alisahau kabisa kwamba anatazamwa.

Maji yalipopoa, watu wakatazamana. Bibi Theodosia akanyoosha mkono, akapewa kibuyu kidogo, akanywa taratibu.

"Yananuka moshi," akasema. "Lakini hayajaniahidi kitu."

Akampitishia mzee mwenye kovu, naye akanywa.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu Athanasi akamwita Otto pembeni ya darasa. Otto alisimama akingoja kuambiwa afunge mzigo wake.

"Uliandaa kibuyu vizuri," mwalimu akasema. "Watu hukuwauliza habari zao. Mtoto haachi somo darasani, Otto, analibeba mpaka nyumbani, na nyumbani kuna watu wenye vidonda vyao. Kwa hiyo ujue unaowafundisha. Na uwaambie kile ulicho na hakika nacho, ukifika mwisho wake, unyamaze. Ukikosea, sema wewe mwenyewe, kama ulivyosema leo. Padre ameniuliza nionavyo. Nimemwambia darasa hili limepata mwalimu. Jumatatu unaanza."

Otto alitaka kuruka, akajizuia, kisha akashindwa, akaruka. Wanafunzi waliokuwa wanachungulia kwenye kona wakamkimbilia, Kunegunda mbele.

"Mwalimu, Jumatatu utatuonyesha nini?"

Otto akafungua mdomo. Yalikuwepo mengi pale ulimini, yote matamu. Akaufunga.

"Bado sijui," akasema. "Nipeni Jumapili nijiandae."

Na papo hapo akaanza kutembea kuelekea kwenye kibanda chake, haraka haraka, karibu anakimbia.