Muhtasari Uliomuua Baba

Anifa ana duka la kuchapa na kutoa kopi Kisarawe mjini. Kila asubuhi anafagia kibaraza, anawasha kompyuta, kisha anafungua barua pepe za wateja.

Jumatatu moja alikuta barua ya Mzee Mihambo wa Soga. Mihambo ni Mnyamwezi, mstaafu wa reli, na mtani wa baba yake Anifa, Mzee Mwinyimadi, ambaye ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi hutaniana hata msibani. Baba alikuwa huko Soga kumtembelea.

Juu ya barua kulikuwa na kisanduku kigeni. Kilikuwa kimeandikwa:

"Muhtasari: Mwinyimadi amefariki. Maiti iko kwa Mihambo. Familia ichimbe kaburi."

Anifa alipiga simu ya baba. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Namba ya Mihambo hakuwa nayo. Barua yenyewe hakuisoma. Alikimbia nyumbani bila kufunga duka.

"Mama! Baba hatunaye!"

Mama yake, Mwamini, alikuwa akimenya mihogo. Kisu kilimdondoka.

"Anifa, usinitanie."

"Imeandikwa, mama! Nimesoma kwa macho yangu!"

Mwamini ana presha. Alijaribu kusimama, akaanguka. Majirani walimlaza mkekani. Alihema kwa shida, macho yamemtoka.

"Tutazika wawili," mwanamke mmoja alinong'ona.

Adhuhuri haijafika, turubai lilishafungwa. Baba mdogo Halidi na wenzake walikuwa makaburini na majembe.

Efrazia, jirani anayefundisha kompyuta, alikuja kutoa pole.

"Nani kaleta taarifa?"

"Mihambo, kwa barua pepe," Anifa alijibu. "Kompyuta ikanifupishia."

"Ikakufupishia? Na barua yenyewe inasemaje?"

"Sijaisoma."

"Twende dukani. Sasa hivi!"

Barua ilikuwa imetumwa jana yake, Jumapili. Walisoma pamoja:

"Anifa, baba yako nimemuua kwa ugali. Maiti ninayo. Chimbeni kaburi, mje na jogoo wa kuikomboa. Fanyeni haraka, maana maiti hii inakula. Imeshaomba mchuzi mara ya pili! Simu yake imeisha chaji. Kesho nampandisha treni, mtampokea jioni."

Anifa alikaa chini sakafuni.

"Yu hai?"

"Yu hai, na ameshiba."

"Sasa nani kaniandikia kwamba kafa?"

"Kivinjari chako, hii programu unayofungulia mtandao. Kimesasishwa, kikaja na akili unde. Inasoma ukurasa na kukufupishia. Utani imeuona habari ya kweli, mchuzi ikauacha."

"Mimi sikuiomba!"

"Hukuiomba. Imejileta."

"Na kazi za wateja wangu, inasoma?"

"Inaweza. Mara nyingine maandishi hupelekwa kwenye kompyuta za kampuni yenyewe."

Anifa alishtuka upya. "Dada, watu wananitumia vyeti vya hospitali humu!"

"Basi izime. Duka ni lako, amri ni yako. Bonyeza pale juu pembeni. Fungua Mipangilio. Tafuta sehemu ya akili unde. Zima muhtasari, zima na msaidizi wake. Vivinjari havifanani. Kikigoma kuzimwa, hamia kingine. Na kikisasishwa tena, rudi ukague. Hizi huwa zinajiwasha."

Anifa alibonyeza mwenyewe. Kisanduku kikatoweka. Alirudi nyumbani mbio zaidi kuliko alivyotoka.

Mwamini alipoambiwa hakuamini. "Mmenidanganya mara moja. Leteni mtu, si maneno."

Jioni ile ile mtu akaja mwenyewe, mfuko wa karanga mkononi. Aliliona turubai akasimama.

"Nani kafa?"

Wanawake walipiga kelele wakatawanyika. Mwamini alijikokota hadi kwa mumewe, akamshika uso kwa mikono miwili. Alilia hadi pumzi zikatulia. Efrazia akampeleka zahanati kupimwa presha. Ilikuwa imeanza kushuka.

Likabaki kaburi. Wazee walisema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Halidi akakata mgomba, wakauzika. Mwinyimadi alisimama pembeni akitazama, jasho likimtoka.

Wiki iliyofuata ilikuja barua nyingine ya Mihambo. Juu yake hapakuwa na kisanduku. Anifa aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, hadi mwisho:

"Nasikia mmezika mgomba. Ukiota, mkungu wa kwanza ni wangu."