Kibali cha Rahabu

"Shuka, Rahabu. Shuka tuzungumze kama watu."

"Mwezi mzima tumezungumza, Philipo. Umebakiza neno gani?"

Lori la Arusha lilikuwa limeshawashwa, linatetemeka mbele ya maduka ya Wahindi mjini Singida. Rahabu alikaa juu ya magunia, amebana sanduku lake la bati kwa miguu. Chini alisimama Philipo, mchumba wake, kiongozi wa vijana walioanzisha shamba la ujamaa kule kwao Iguguno. Alikuwa ameshika ubao wa lori kana kwamba angeweza kulizuia.

"Wenzako tunafyeka pori tujenge nchi, wewe unakimbilia Nairobi!"

"Nakwenda kusomea ushonaji. Suti, gauni za harusi. Au unataka nishone viraka barazani kwa mama Sushila mpaka nizeeke?"

"Na nani atakuruhusu kukaa nchi ya watu?"

"Viza hawaulizi. Napita Namanga, nasema nakwenda kusoma, basi. Kibali cha kuishi nitakitafuta huko huko."

"Ukikikosa?"

"Nitarudi."

"Ukikipata?"

Rahabu aliinamia sanduku, akaanza kulisogeza bila sababu. Philipo aliliona hilo. Akauachia ubao, akageuka, akaenda zake bila kupunga mkono. Lori likaondoka.

Nairobi alipokewa na Jasumati, dada yake Sushila yule mwenye duka la Singida. Alikuwa na chuo kidogo cha ushonaji, vyerehani vimejaa ukumbini, na mdomo wake haukuwa na sukari.

"Mkono huu umepinda. Fumua!"

Rahabu alifumua, akashona, akafumua tena. Kazi aliipenda, lakini moyo haukutulia. Kule Iguguno alikuwa akiiwaza Nairobi. Sasa yuko Nairobi, anashtukia anawaza mtama umefika wapi, na Philipo anakula nini. Aliandika barua. Hazikujibiwa.

Kisha sheria ikabadilika. Mtu wa uhamiaji alimweleza kwa upole tu:

"Dada, kuingia uliingia vizuri. Kukaa ni habari nyingine. Siku hizi mgeni lazima awe na kibali, na lazima awe na mdhamini."

Alirudi mbio kwa Jasumati.

"Mama, nidhamini."

Jasumati aliweka mkasi mezani. "Mwanangu, mimi mwenyewe nimeishi hapa tangu niolewe, na bado nasubiri karatasi zangu za uraia. Nitakudhamini na nini?"

Aliyesikia yote hayo alikuwa Gasto, fundi wa suti pale chuoni, mwenyeji wa Kenya, mtu mpole asiye na maneno mengi. Jioni alimsindikiza Rahabu hadi mlangoni kwake.

"Rahabu, nina jambo. Ukiolewa na mimi, hakuna atakayekuuliza kibali."

"Unanionea huruma, Gasto?"

"Hapana. Nilikupenda kabla sheria haijaja."

Rahabu angeweza kusema ana mchumba. Badala yake alisema, "Nipe muda."

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akishika sindano, analo. Akila, analo.

Haikupita wiki, simu ya chuoni ikalia. Alikuwa Sushila, anapiga kelele kutoka Singida.

"Rahabu! Kweli unaolewa huko?"

"Nani kasema?"

"Dada yangu, kaambiwa na fundi wake. Sasa mimi nikalirudia dukani kwa sauti, na Philipo alikuwa amekuja kununua misumari. Misumari kaiacha kaunta. Kaenda kutafuta lori."

"Anakuja huku?"

"Sasa aende wapi kwingine?"

Philipo alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wanafunzi wote waliinua vichwa kutoka kwenye vyerehani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Jasumati kwanza. Kisha akamgeukia Rahabu. "Ni yupi?"

Gasto akasimama. "Ni mimi."

Walitazamana. Rahabu alijipenyeza katikati yao.

"Hakuna ndoa. Alinitaka uchumba, nikasema anipe muda."

"Hukumwambia kama una mtu?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini, Rahabu?"

"Kwa sababu hukujibu barua zangu! Na kwa sababu nilikitaka kibali. Nilikitaka sana. Sasa umesikia."

Philipo akakaa kwenye benchi, kofia mikononi.

"Barua nilizisoma zote," alisema. "Niliogopa nikijibu nitakuomba urudi. Na ungerudi, ungenichukia."

Rahabu alilia hapo hapo, mbele ya watu. Alipopata sauti, alimgeukia Gasto.

"Nisamehe, kaka yangu. Nilikushikilia kwa sababu ya karatasi. Sikukutendea haki."

Gasto aliitikia kwa kichwa, akachukua koti lake, akatoka. Siku hiyo hakurudi kazini.

Philipo hakukaa, mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Pale stendi ya mabasi hakumwambia arudi, wala hakumwambia abaki. Alisema tu, "Safari hii andika. Nitajibu."

Na alijibu. Rahabu naye aliomba muda uhamiaji, akaongezewa miezi kidogo kidogo. Mwaka uliofuata karatasi za Jasumati zikatoka, na jambo la kwanza alilofanya ni kumdhamini Rahabu. Kibali kilipogongwa muhuri, Rahabu alipeleka simu ya maandishi Iguguno: NIMEPATA KIBALI. NAKUJA TUOANE. TANGAZENI KANISANI.

Walifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri, Iguguno. Vijana wa shamba la ujamaa walikuja na ng'oma, Sushila akaja na sambusa beseni zima. Baba yake Rahabu, mzee Zefania, alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Alipoketi kupumzika, alimwona binti yake pembeni anafunga mizigo.

"We Rahabu, hiyo ni ya nini?"

"Jumatatu narudi chuoni, baba. Nimebakiza mtihani wa suti. Nikimaliza, narudi kufungua chumba cha kushonea hapa."

"Jumatatu!" Mzee aliruka. "Bibi harusi gani huyo, anaolewa Jumamosi, Jumatatu yuko barabarani?"

Philipo, ambaye alikuwa amepiga magoti analifunga sanduku kwa kamba, aliinua uso.

"Wangu, baba," alisema, akaikaza kamba.