Simu ya Kumwona Josephina

Leonard ana sauti. Akiwa juu shambani kwenye pilipili manga, akimwita mkewe, watu wa ng'ambo ya bonde nao wanaitika. Huku milimani, juu ya Mkuyuni, sauti ya namna hiyo ni mali. Nyumba ziko mbalimbali na njia ni za kupanda na kushuka. Mtu akitaka kuazima jembe hapendi kutembea mwendo mrefu, kumbe jembe lenyewe limeshaazimwa. Anaita tu.

Mkewe, Regina, haongei sana. Lakini anajua kuongea kwa mikono. Alijifunza lugha ya alama kwa ajili ya mtoto wao wa pekee, Josephina. Josephina ana miaka kumi na miwili na ni kiziwi. Anasoma shule ya bweni ya watoto viziwi, mkoa mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Likizo hiyo Josephina alikuwa na furaha. Alichuma pilipili manga na mama yake. Alianika mdalasini. Alimcheka baba yake, ambaye kwa alama anajua "njoo", "kula" na "lala" tu. Siku za kurudi shule zilipokaribia, mambo yakabadilika. Regina alivuta tranka uvunguni ili apange nguo. Josephina akalirudisha uvunguni.

"Siendi," alisema kwa mikono.

Regina alishtuka. Naye akamjibu kwa mikono. "Kwa nini? Umepigwa?"

"Hapana."

"Chakula?"

"Chakula kizuri."

"Sasa nini, mwanangu?"

Josephina alimtazama mama yake usoni. "Kila Jumamosi wenzangu wanaonana na wazazi wao kwenye simu ya mwalimu. Wanaongea. Mimi nasimama nyuma. Ninyi hamjatokea hata siku moja. Hamna habari na mimi."

Regina alimweleza Leonard maneno hayo. Leonard akasimama.

"Hatuna habari naye? Mwambie nimepiga kila Jumamosi! Napanda mpaka kule kanisani kigangoni kutafuta mtandao, jua linaniwakia kichwani. Mwalimu Rahel ni shahidi!"

Nyumba nzima ilijaa sauti. Josephina hakusikia hata neno moja. Aliona tu mdomo wa baba yake unafunguka na kufungika, na uso umekunjamana. Akajua baba amekasirika. Akatoka nje.

Leonard hakusema uongo. Alipiga kweli, kwa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe isiyo na video. Alimuuliza mwalimu kama mtoto anakula na kama anasoma. Mwalimu alimjibu kwamba anaendelea vizuri. Kisha mwalimu alimgeukia Josephina na kumwambia, "Baba anakusalimu." Basi. Leonard alikuwa akiongea na mwalimu, si na mwanawe. Muhula mzima mtoto hakumwona baba wala mama, na moyo wake ulimwambia ameachwa. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?

Jioni ile alipita jirani yao, Judith, muuguzi wa zahanati ya kijiji. Judith ana simu janja. Anaitumia kazini kutuma taarifa, na amekwisha kununua mbili mbaya kabla ya kupata moja nzuri. Regina alimweleza yote.

"Mama Josephina, dawa yake ni simu ya kupiga video," alisema Judith. "Mtoto awaone, nanyi mumwone."

"Hela ya pilipili manga ipo," alisema Leonard. "Nilitaka kuezeka jiko, lakini bati zingoje. Nashuka mjini. Nachukua kubwa kuliko zote."

Judith alicheka. "Baba Josephina, simu si shoka kwamba kubwa ndiyo inakata. Twende wote. Na mtoto aje. Mwenye shida ni yeye."

Wakateremka hadi Morogoro mjini. Waliingia duka moja karibu na soko. Muuzaji alikuwa kijana anayeitwa Yusuph.

"Shikamooni wazee. Karibuni."

"Marahaba, kijana. Tunataka simu janja, lakini sisi si matajiri," alisema Leonard.

Yusuph aliweka simu mbili juu ya meza ya kioo. Moja nyeusi, moja ya bluu. Zote mpya, zote za bei ya kawaida. Nyeusi ilizidi kidogo.

"Hii nyeusi ndiyo inatoka sana," alisema Yusuph. "Kamera ya nyuma megapikseli hamsini. Hifadhi GB 128. RAM nane. Na spika zake ni balaa. Sikia."

Aliweka muziki. Duka likatetemeka. Watu waliokuwa wakipita barabarani waligeuka.

"Hiyo!" alisema Leonard. Macho yalimng'aa. "Hiyo ndiyo simu! Hata nikiwa juu shambani nitaisikia. Funga hiyo, kijana."

Regina alimgusa mkono, akamwonyesha Josephina. Mtoto alikuwa amesimama karibu kabisa na spika. Alikuwa akiangalia feni ya darini ikizunguka. Muziki ulipiga, barabara nzima iligeuka, yeye hakugeuka.

Leonard alimtazama mwanawe. Aliona haya. Alikuja kununua simu ya kuongea na mtoto asiyesikia, na alikuwa amechagua spika. Usimcheke sana. Wengi wetu tunanunua hivyo. Tunakwenda dukani na shida ya mtu mwingine, tunarudi na kitu tulichokipenda sisi.

"Zima, kijana," alisema.

"Tuanze upya," alisema Judith. "Tusiulize ipi ni nzuri. Tuulize tutaifanyia kazi gani."

"Kazi yake nione mikono ya mtoto, naye aone yangu," alisema Regina. "Na uso. Bila uso, alama hazijakamilika."

"Basi kamera tunayoitaka ni ya mbele, hii inayokutazama wewe. Ya nyuma ni ya kupigia picha za harusi. Yusuph, za mbele zikoje?"

"Nyeusi ni tano. Bluu ni nane," alijibu Yusuph. "Lakini bluu nyuma ina kumi na tatu tu, mama. Na hifadhi GB 64."

"Namba zisitutishe. Mwenye nane anaweza kushindwa na mwenye tano. Tujaribu kwa macho."

Judith alichukua simu nyeusi, akaishika mbele ya uso wa Regina. Regina alitikisa kichwa.

"Haishikwi mkononi," alisema. "Nikishika simu nimebaki na mkono mmoja. Nitaongeaje?"

Judith aliguna. "Hilo sikulifikiria. Ni kweli."

Wakaziegemeza simu zote mbili kwenye maboksi yake. Walichagua upande wa ndani wa duka, wenye mwanga hafifu, kama wa kigangoni siku ya ukungu. Josephina alisimama hatua chache nyuma. Yusuph alifungua kamera za mbele, akarekodi kwa simu zote mbili kwa pamoja. Josephina akaongea kwa mikono, haraka, kama anavyoongea na rafiki zake.

Kisha wakatazama. Kwenye nyeusi, viwiko vilikuwa nje ya picha. Mikono ilipokwenda mbio, vidole vilipotea. Kwenye bluu, picha ilikuwa pana zaidi. Vidole vilionekana, hata kidole cha mwisho. Uso nao ulionekana.

Josephina alisema jambo kwa mikono, akacheka. Regina naye akacheka.

"Anasema kwenye nyeusi vidole vyake vimeshikana kama mguu wa bata."

Hata Yusuph alicheka. Kusema kweli, alikuwa ameanza kuufurahia mtihani huu.

"Bado jua," alisema Leonard. Sasa naye alikuwa ameelewa. "Kwetu mtandao uko kigangoni, na kigangoni hakuna kivuli."

Walitoka nje. Judith alipandisha mwanga wa simu zote mbili hadi mwisho, ili kusiwe na upendeleo. Leonard alipoitazama nyeusi juani, alijiona mwenyewe kama kwenye kioo cha kunyolea, picha yenyewe haikuonekana. Bluu ilififia, lakini picha ilionekana.

"Na hii RAM nane?" Judith aliuliza waliporudi ndani. Alifungua mipangilio ya simu nyeusi, akamwonyesha Leonard. "Ona. Nne kujumlisha nne. Nne ni za kweli. Nne nyingine simu inaazima kwenye hifadhi yake. Kasi yake si ya nane kamili. Na ya bluu ina ngapi?"

"Nne, mama," alisema Yusuph. "Kampuni ndivyo zinavyoandika kwenye boksi."

"Basi hapo sare."

Betri zililingana. Zote mbili zilikuwa na 4G na nafasi ya laini mbili. Hilo lilimfaa Leonard, maana mtandao unaoshika kigangoni siyo ule anaotumia kupokea pesa za wanunuzi. Hifadhi ya bluu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na sehemu ya kuweka memori kadi. Regina hakutaka kuweka filamu. Alimtaka mwanawe.

"Bluu," alisema.

Leonard aliitazama nyeusi mara ya mwisho. Alitamani, haikufichika. Lakini aliisukuma kwa Yusuph. Akalipa, na ile tofauti ya bei akamkabidhi Regina iwe ya bando la intaneti, maana video inakula bando kuliko sauti.

Judith hakuruhusu watoke bado. Alibonyeza *#06# na namba ndefu ya utambulisho wa simu ikatokea kwenye kioo. Aliilinganisha na namba iliyoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Zikalingana. Akajaribu chaja. Akadai risiti na waranti, na Yusuph akavitoa bila kinyongo. Regina aliweka namba ya siri yake mwenyewe, na wote wengine waligeuza macho pembeni.

"Leonard, hata wewe geuka," alisema Judith.

"Mimi mumewe!"

"Utamuuliza nyumbani."

Njiani kurudi, Regina alimuuliza Josephina kama sasa atakwenda shule. Mtoto alifikiri kwanza.

"Nitakwenda," alisema kwa mikono. "Jumamosi msipotokea, narudi nyumbani."

Hakuwa anatania. Regina alimtafsiria Leonard. Siku zilizobaki, kila jioni, alikaa kibarazani na binti yake akifundishwa alama. Vidole vyake ni vya jembe, vigumu. Josephina alivikunja kimoja kimoja kwa mkono wake, na akikosea alimpiga kikofi kidogo. Leonard alijifunza "habari", "nakukumbuka", "una shida gani". Siku ya safari, tranka lilitoka uvunguni na halikurudishwa.

Jumamosi ya kwanza walipanda kigangoni mapema. Simu walikuwa wameichaji kwa sola tangu jana. Waliiegemeza kwenye tofali juu ya ukuta mfupi, wakarudi nyuma hadi mikono yao ikaingia kwenye picha. Regina akampigia Mwalimu Rahel. Simu iliita, ikaita.

Josephina akatokea.

Aliwaona. Aliweka mikono yote miwili mdomoni. Regina alilia hapo hapo, na kwa kuwa alikuwa akilia hakuweza kuongea. Kwa hiyo aliyeanza ni Leonard. Polepole, kwa vidole vigumu, akasema, "Habari. Nakukumbuka. Una shida gani?"

Josephina alimwomba arudie. Akarudia. Mtoto akainua mguu wake kuonyesha kiatu.

"Kinabana," alisema.

"Tangu lini?" Regina aliuliza, akifuta machozi.

"Tangu muhula uliopita."

Regina na Leonard wakatazamana. Muhula mzima mtoto alikuwa akitembea na viatu vinavyombana, na wao kila Jumamosi waliambiwa anaendelea vizuri. Mwalimu hakuwa na kosa. Mtoto alikuwa na neno la kumwambia mama yake, na hakuwa na njia.

"Nitakutumia viatu kwa basi wiki hii," alisema Regina.

Waliongea. Josephina aliwaeleza habari za rafiki mpya, za hesabu, za mwenzake anayekoroma ingawa hakuna anayemsikia. Kisha aligeuka kutazama pembeni. Wasichana wawili walikuwa wakimpungia kutoka mlangoni, na mmoja ameshika mpira wa netiboli.

"Nakwenda," alisema haraka haraka. "Mchezo umeanza. Jumamosi!"

Kioo kikawa cheusi.

"Mtandao umekatika?" Leonard aliuliza.

"Hapana. Amekata yeye."

"Amekata? Sisi tumepanda mlima wote huu, yeye anakwenda kucheza mpira?"

"Ndiyo."

Leonard aliketi juu ya ukuta. Akaanza kutabasamu, na macho yake yalikuwa na maji.

"Basi harudi nyumbani," alisema.

"Mpaka likizo," alijibu Regina, akaizima simu kutunza chaji.