Wimbo Bafuni kwa Ratiba

Inshirah alikuwa akimpakulia dada yake maharage ya mchana aliposikia sauti ya dada huyo ikiimba bafuni. Alitabasamu, kisha upawa ukamponyoka. Dada mwenyewe, Ratiba, alikuwa ameketi pale pale mezani, mdomo umejaa mkate.

"Dada, husikii?" alinong'ona.

"Nisikie nini?" Ratiba akaendelea kutafuna.

Mtaa mzima wa Shubra uliijua sauti ile. Mamduh, mume wa Ratiba na mpiga udi wake, alipofariki, koo la mjane lilikauka mwaka mzima. Watunzi wa nyimbo wakamkimbia. Jioni moja akatoka bafuni macho mekundu, akaimba mapenzi mpaka wauza mboga wakasahau mizani zao. Tangu hapo redio ikawa haimalizi siku bila yeye.

Lakini baada ya mchana ule Inshirah alianza kuona mambo. Kila Ratiba alipotoka jukwaani, alinuka udongo mbichi wa kaburi. Na kila wimbo uliondoka na kitu. Kwanza alisahau chakula alichokipenda Mamduh. Kisha akasahau walikoonana. Asubuhi moja alisimama mbele ya picha ya harusi yake, akauliza, "Mwanamume huyu ni nani? Mbona kanishika mkono?"

Siku hiyo hiyo Inshirah alimleta Bi Dawlat, mpunga pepo.

"Ngoma zote hizi!" Ratiba alicheka. "Mnaniozesha bila bwana harusi?"

Hakucheka tena. Ubani ulipotanda na ngoma kushika kasi, kichwa chake kilianza kuyumba, polepole, halafu kwa nguvu, nywele zikipiga sakafu, na ile harufu ya kaburi ikajaa chumba hata wapiga ngoma wakaziba pua, na sauti ile tamu ikatoka kifuani mwake ilhali midomo imefumbwa.

"Wewe nani?" aliuliza Bi Dawlat.

"Jini wa chini. Alilia juu ya karo langu la bafuni wakati wa magharibi, akaomba sauti. Nikampa."

"Kwa malipo gani?"

"Sijapata kupendwa, mama. Kila wimbo, ananipa kumbukumbu ya siku moja ya mumewe. Zimebaki chache."

"Zirudishe!"

"Nikizirudisha, naondoka na sauti. Hataimba tena hata kumbembeleza mtoto. Na siku moja nitaibakiza, ya kunifariji."

Bi Dawlat alimgeukia Inshirah. "Ni damu yako, binti yangu. Sema."

Inshirah alifikiria kumbi zilizojaa, watu wakilia na kumrushia dada yake maua. Akafikiria ile picha. Machozi yakamlenga.

"Aende," alisema.

Ratiba alipiga ukelele mmoja, akaanguka. Karo la bafuni likagugumia maji, harufu ikakatika, na nyumba ikawa kimya.

Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa na nuru ambayo Inshirah alikuwa hajaiona kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "saa ngapi? Mamduh hajarudi? Jana kaniahidi samaki, yule mwongo. Akija mikono mitupu leo, alale na udi wake!"

Bi Dawlat aliinamisha uso. Inshirah akajua ni siku gani jini ameondoka nayo.

Akamshika dada yake mikono yote miwili.

"Keti, dada," alisema. "Keti kwanza, nikwambie."