Mkono wa Bahiya Redioni

"Inua mkono kidogo, Bahiya. Hapo hapo. Usiutoe."

Sauti hiyo ilitoka kwenye redio niliyokuwa naitengeneza dukani kwangu, Garsen. Bahiya ni mke wangu. Mwanamume aliyekuwa akisema si mimi.

Alikuwa Danson, mwanamuziki kutoka Nairobi. Aliniletea redio kumi na mbili mbovu nizifufue. Alimvalisha mke wangu kifaa mkononi; akisogeza mkono, kompyuta inageuza mwendo ule kuwa mlio, na mlio unatoka kwenye redio zote. Yeye anauita muziki. Mimi nilikuwa na jina lingine.

Nikampigia Bahiya. Simu yake ikalia ndani ya redio yangu.

"Usishike," Danson akasema. "Tutapoteza mlio."

Bahiya akacheka. Hakushika.

Baadaye ikaingia meseji: "Niko kazini. Nitakupigia."

Nilifunga duka saa nne asubuhi, nikaenda mbio ukumbini walikofanyia mazoezi. Nikamkuta Danson amepiga magoti, ameshika mkono wa mke wangu, anakaza ule mkanda.

"Toa mkono kwa mke wangu!" nikafoka. "Na wewe Bahiya, mkononi umefungwa waya, na akili je, nayo imefungwa? Umekosa haya?"

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka nje. Haya, haya, haya. Redio kumi na moja zilikuwa zimetundikwa tayari hadi kwenye vibanda vya soko, na kipaza sauti kilikuwa wazi. Nilizitengeneza vizuri mno.

Mama mkwe, Mwanaarusi, akainuka kwenye mkeka pembeni. Sikuwa nimemwona. Alikuwa pale siku zote tatu za mazoezi.

"Jilo, mkwe wangu, nilikupa mke au nilikupa redio? Ukitaka unafungua, ukitaka unazima?"

Nikamgeukia Bahiya.

"Nilikwambia habari za kazi hii siku tatu mfululizo," Bahiya akasema. "Ulikuwa na waya mdomoni. Ukajibu 'mm'."

"Ungeniambia ni kazi ya kushikwa mikono!"

"Mwendo huu wa mikono ni wa mama na bibi. Mpunga mpya ukiiva, kabla hatujala, wanawake wa kwetu wanaigeuza hivi kuelekea mtoni, kisha kifuani. Danson aliniuliza maana yake siku ya kwanza. Wewe miaka kumi na miwili unakula wali wa huo mpunga. Uliwahi kuniuliza?"

Alivua mkanda, akaondoka na mama yake.

Nililala peke yangu siku mbili. Nikaandika: "Nisamehe mke wangu."

Akajibu: "Ulinitukana kwenye redio. Unaniomba msamaha kwa meseji?"

Jumamosi alasiri, siku ya onyesho, watu walijaa uwanja wa soko, redio zimewazunguka. Nilimwomba Danson kipaza sauti.

"Mimi ni Jilo, fundi wa redio. Nilimvunjia mke wangu heshima mkasikia. Hakufanya kosa. Wivu ulikuwa wangu. Na wewe Danson, samahani."

Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti, "Sema tena, redio yangu inakwaruza!"

Watu wakaangua kicheko. Nikarudia.

Bahiya hakucheka. Alinisogelea, akaninyooshea mkono na ule mkanda.

"Nifunge wewe."

Nikafunga.

"Usikaze. Mimi si mbuzi."

Kisha akaniwekea ngoma mbele. Ujanani nilipiga sana. Ndivyo alivyoniona mara ya kwanza.

"Nikiinua mkono, piga. Nisipoinua, kaa."

Akasimama katikati, mikono chini. Redio zikavuma taratibu, upepo tu. Nikangoja. Mkono haukuinuka. Mama mkwe alikuwa akinitazama. Danson akanitazama. Vidole vikaniwasha. Siku nyingine ningepiga tu, nimalize. Nikangoja.

Bahiya akageuka, akanitazama muda mrefu, kama anayesoma barua.

Kisha kiganja chake kikafunguka kuelekea mtoni, kikarudi kifuani, kikainuka.

Nikapiga.